Kapu la Mtu Mmoja

Kengele ya uzito uliozidi ililia, na ndani ya kapu alikuwamo mtu mmoja tu.

"Fundi, punguza kula!" dereva wa gari la winchi alipaza sauti kutoka chini. "Umekuwa watu wawili?"

Fundi wa taa za barabarani hakucheka. Tangu msiba alikuwa amekonda hata suruali yake ilishikiliwa na kamba na aibu. Aliangalia miguuni: koleo, bisibisi, balbu moja. Kisha ikaja harufu ya pipi ya mnanaa.

Aliyekuwa akipanda humu ni mdogo wake, Kelele. Mtu wa kumung'unya pipi hizo tangu asubuhi, mtu wa kuwatania wapita njia kutoka juu: "Shemeji, kofia hiyo inaficha upara, mimi nauona!" Miezi mitatu iliyopita taa ilikuwa mbali kidogo na mkono wake. Utaratibu ni kushusha kapu, kusogeza gari, kukaza upya miguu yake ya chuma, kupanda tena. Robo saa nzima. Kelele akachungulia chini: "Kaka, nivue ndoano ya mkanda wa usalama?" Naye kaka, jua likimchoma utosini, akajibu, "Vua, dakika moja tu."

Haikufika dakika.

Sasa kengele ililia kila siku, na kapuni ukasikika mnong'ono wa Kelele usioshikika maneno. Mganga aliyeitwa na dereva alisikiliza, akanusa kapu, akanong'ona, "Hili ni jini, limevaa sauti ya marehemu. Nitalitoa. Lakini sauti hiyo hutaisikia tena."

"Nipande mara moja kwanza," fundi alisema.

Akapanda. Upepo ulikatika, kengele ikalia, mnanaa ukamjaa puani, na mkono wa baridi ukamshika shati kwa nyuma, vile alivyoshikwa enzi zile akimvusha mdogo wake barabara kwenda shule, huku ndoano ikigongagonga chuma mgongoni pake, ka, ka, ka, na pumzi ikimkaribia sikio polepole mpaka nywele za shingo zikamsimama, na sauti aliyoilea mwenyewe ikauliza:

"Kaka, nivue ndoano?"

Fundi alishika ukingo kwa mikono miwili.

"Usivue, mdogo wangu. Usivue! Tunashuka. Tutasogeza gari."

Kengele ikanyamaza. Kapu likawa jepesi. Alilia mpaka likatikisika.

Alipofika chini alisema, "Dereva, sogeza gari."

"Nisogeze wapi? Taa si ile pale, unaigusa kwa pua!"

"Sogeza tu, ndugu yangu."

Dereva akamtazama usoni, akasogeza.

Mganga alifungua mkoba wake. "Nilitoe?"

"Mwache. Ameshajibiwa."

Kesho yake, kwenye mlingoti mwingine, kengele ililia. Mkono ukamshika shati. Na sauti ikauliza upya, kwa upole, kama mtu anayeuliza kwa mara ya kwanza:

"Kaka, nivue ndoano?"