Supu ya Nadine

Kila siku saa ya chakula Marit na Nadine walikaa pamoja kwenye benchi la dirishani, theluji ikianguka uwanjani. Shule yao ilikuwa katika mji mdogo wa nyika za Kanada, na Marit hakuwa na rafiki mwingine ila Nadine, binti wa Wakrii, wenyeji wa asili wa nchi ile.

Siku moja Nadine alimimina supu kikombeni, akanywa kidogo, akamsogezea mwenzake.

"Onja. Kaipika bibi."

"Sitaki," alisema Marit. "Baba anasema tusinywe kikombe kimoja na Wakrii. Ati nyinyi wachafu."

Alilisema neno hilo kama mtu asemaye kuwa nje kuna baridi, maana nyumbani kwao ndivyo lilivyosemwa. Nadine alifunika supu yake taratibu, akahamia meza ya mbali.

Tangu hapo Marit alikula peke yake. Alipoazima penseli, Nadine alimpa bila kumtazama. Kwenye basi la shule kiti cha pembeni ya Marit kilikaliwa na mkoba wake tu. Jioni moja aliisukuma kando sahani ya chakula.

"Una nini, mwanangu?" baba yake aliuliza.

"Nilimwambia Nadine yale unayosema juu yao. Hasemi nami tena."

"Utapata marafiki wengine."

"Baba, umewahi kuingia kwao?"

"Sijawahi."

"Sasa ulijuaje?"

Baba aliweka uma chini. "Babu yako ndiye aliyekuwa akisema," alijibu hatimaye. "Sidhani kama naye aliwahi kuingia."

Jumamosi alimpeleka Marit kwa kina Nadine. Bibi yake Nadine, Bibi Cardinal, alifungua mlango, akabaki ameushika.

"Mama, aliyosema mtoto wangu aliyapata kwangu," alisema baba, kofia mkononi. "Nimekuja kuomba radhi, naye asikie."

"Umechelewa," alisema bibi. "Lakini baridi ni kali. Ingieni."

Nadine alikuwa amesimama nyuma ya bibi yake.

"Nisamehe," Marit alimwambia. "Nilisema nisilolijua."

"Iliniuma," alisema Nadine. "Bado inaniuma."

Wiki ile hakurudi benchini. Marit hakumsumbua; alimsalimia tu kila asubuhi, akajibiwa kwa kichwa. Kisha siku moja Nadine akaja na chakula chake, akasimama mbele yake.

"Sogea basi."

Jioni hiyo Marit alimsimulia baba yake habari hizo.

"Mwanangu, hakuna mtoto anayezaliwa na chuki," alisema baba. "Tunawalisha sisi wazazi, nanyi mnameza kwa kuwa mnatuamini. Ukinisikia tena nikiwasema watu nisiowajua, nikatize papo hapo, hata mbele ya wageni. Sitakasirika."