Sauti Iliyotolewa kwa Utani

Taa ya spika ya nyuma ilikuwa inapanda na kushuka, na hakuna mtu aliyepeleka sauti huko.

Ilikuwa miaka ile ruksa imeshatoka, mwenye uwezo afungue televisheni yake, na pale Kikuyu, Dodoma, ikafunguliwa moja. Mitambo yake mipya, mwenzangu. Sauti za pande zote zinafungwa furushi moja, zinasafirishwa, halafu mashine nyingine inalifungua furushi na kila spika inapewa sauti yake. Elieth kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya spika hizo, asikilize, atazame taa, penye kasoro aitafute.

Basi akaitafuta. Akabadilisha mashine ya kufungulia, taa ikazidi kucheza. Akachomoa waya wa spika yenyewe, na bado spika ikapumua, hhh, kama mtu aliyepanda kilima na mzigo, na chumba kikanuka tope la mbuga ya Bahi, kiangazi kile ambacho hata kuku walikosa maji.

Mumewe, Fabian, msomaji wa habari, akamkuta katoa macho. Sauti ya Fabian ndiyo iliyomtoa Elieth kwao. Kina mama walikuwa wanaacha sufuria ziungue waisikilize. Akacheka, akaisogelea spika, akaitania kama mtu anavyomtania shemeji.

"Kupumua tu, mvivu wewe? Chukua sauti yangu basi, ukasome habari."

Elieth alimziba mdomo, kachelewa. Jioni ile Fabian alifungua kinywa mbele ya kamera, pakatoka upepo mtupu, na kule ndani, kwenye spika isiyo na waya, sauti yake ikaisoma habari yote, taratibu, kwa adabu, ikamaliza kwa kucheka.

Meneja, Ambokile, akasema ni hitilafu ya mitambo. Hospitali wakasema koo ni zima. Elieth akapanda basi la Kondoa, akarudi na mganga, Bi Joha.

Bi Joha akaamuru spika nyingine zote zizimwe, akafukiza ubani, Elieth, Fabian na Ambokile wakisimama kando.

"Mwenye sauti na mkewe wako hapa," akaiambia ile iliyobaki. "Rudisha ulichochukua."

"Sikuchukua, mama," spika ikajibu kwa sauti ya Fabian. "Nilipewa."

"Aliyekupa alikuwa anatania."

"Mimi sina utani na mtu."

Bi Joha akasoma, akasoma, jasho likimtiririka, na moshi wa ubani ukikataa kupanda, ukitambaa sakafuni kama kitu kinachotafuta miguu ya watu, na ile spika ikilia kwa sauti ya Fabian, halafu ya mtoto, halafu ya fisi, mpaka ikapasuka katikati na harufu ya tope ikakatika, na Fabian akakohoa, na wote wakasikia wazi: "Elieth."

Ambokile akapiga makofi. Bi Joha hakupiga. Alimtazama Elieth, akatazama nyuma ya Elieth, akaomba apelekwe stendi, wala hakuaga.

Nyumbani wakaketi kula, wakitazamana, ugali katikati yao. Midomo ya Fabian ikafunguka, ikafungika.

"Mlenda wako mtamu, mke wangu," ikasema sauti ile nzuri, nyuma ya Elieth, karibu hata akahisi joto la pumzi shingoni. Na Fabian, mbele yake, akaacha kutafuna, akakodolea macho kitu kilichokuwa juu ya bega la mkewe, machozi yakimtoka, akitikisa kichwa polepole kumwambia asigeuke.