Swali Lililotoka Mlolongo

"Fardowsa aingie. Ndunda, wewe subiri."

Redio ikakatika. Amri ya Madam Kalondu, mkuu wa operesheni, haikuwa na mjadala.

Ndunda aliuma meno. Alikuwa jasusi tangu Fardowsa akivaa sare za shule ya msingi. Leo yeye ndiye wa kungojea ndani ya gari la Probox, kama dereva wa teksi!

Alimwonea wivu.

Ilikuwa asubuhi ya uchaguzi mdogo Machakos. Kwenye Google, swali moja lilikuwa limepanda juu ya yote: "Kura imeahirishwa?" Vituo vya redio vililidaka. Kule mjini Tala, watu walianza kutoka kwenye foleni.

Fardowsa ndiye aliyeng'amua. Watu wa Tala walikuwa wakitafuta mtandaoni vituo vya kura, na maji ya bomba yatarudi lini. Swali la kuahirishwa lilitoka kwenye jengo moja tu la ghorofa, mjini Mlolongo, nyuma ya mizani ya malori.

"Hao si wananchi," alisema. "Ni mashine."

Wakubwa walimpigia makofi. Ndunda alikuwa ameziona takwimu hizohizo, akapiga miayo.

Hapana. Leo hangoji mtu.

Akachomoa bastola yake, Glock, akashuka garini.

Ngazi. Ghorofa ya nne. Teke!

Mlango uliruka. Mamia ya simu yalijaa kwenye rafu, yote yakiuliza swali lilelile, bila mkono wa mtu.

Chuma baridi kikamgusa kisogo.

"Tupa bunduki." Alikuwa mgeni mwenye upara, wakala wa kampuni ya ng'ambo iliyokuwa ikimezea mate mashamba ya Konza na kuziogopa kura za Tala.

Ndunda akaitupa.

Kioo cha dirisha kikapasuka. Fardowsa aliingia na kamba kutoka paani, buti mbele. Bastola ya mgeni ikaruka. Ndunda akamvaa, akamlaza kifudifudi, akamtia pingu. Fardowsa akang'oa waya wa intaneti.

Swali likafa.

"Si uliambiwa usubiri?" Fardowsa alihema.

Redio ikakoroma. "Nani amemshika?"

Redio ilikuwa mkononi mwa Ndunda, na jina lake mwenyewe kwenye ncha ya ulimi.

"Fardowsa," akasema. "Mimi niliingia bila amri, Madam. Ameniokoa."

Redio ikakoroma tena.

"Redio zinasahihisha habari sasa hivi. Tala wanarudi kwenye foleni. Ndunda, kesho ofisini kwangu."

"Sawa, Madam."

Fardowsa alitabasamu. "Ungesema tu ni sisi wawili."

"Usinizoee. Bado nakuonea wivu."

Akaokota Glock yake, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi polepole kwenda kutafuta chai.