Bibi Haondoki Sebuleni

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na cherehani ya Mama ikishafunikwa, watu wa nyumba ile walikusanyika sebuleni kutazama taarifa ya habari. Mjomba aliketi katikati, rimoti mkononi. Yeye ndiye aliyeinunua televisheni, na aliitunza kama mboni ya jicho. Rimoti ilikuwa bado ndani ya mfuko wake wa nailoni, na mtu mwingine hakuruhusiwa hata kuisogeza. Bibi, aliyewazaa Mama na Mjomba, aliketi kwenye stuli karibu kabisa na kioo, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lake lenye nafuu.

Kando ya Bibi alikaa mjukuu wake, msichana wa darasa la sita ambaye wote walimwita Mbishi. Jina hilo alipewa na Mjomba mwenyewe, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kukubali jambo kabla ya kuuliza kwa nini.

Masikio ya Bibi yalikuwa yamepungua nguvu. Kila habari ikisomwa, alimgeukia Mbishi kumuuliza wamesema nini, na Mbishi akimaliza kumweleza, habari nyingine ilikuwa imeshapita. Sauti ikipandishwa Bibi alisikia vizuri, lakini mtoto mchanga wa jirani, aliyelala upande wa pili wa ukuta, aliamka akilia. Jioni moja jirani alikuja tena kulalamika, safari hii bila hata salamu, na Mjomba akachoka.

Alizima televisheni akatangaza kwamba kuanzia kesho Bibi angesikiliza redio yake ndogo chumbani, ili wengine watazame kwa amani. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga viti, na pengine ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. Mama aliinamia gauni alilokuwa akilitoa nyuzi. Bibi mwenyewe hakulalamika. Alishika ukuta akaanza kuinuka.

"Bibi haendi," alisema Mbishi.

Mjomba alimgeukia taratibu. "Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza, Mjomba. Lakini haendi. Kinachosumbua ni sauti, si Bibi."

Mjomba alimwambia kuwa sauti ya televisheni ni moja tu, ama iko juu ama iko chini. Mbishi akajibu kwamba hilo hawalijui, kwa kuwa tangu kitu kile kiingie nyumbani wao hubonyeza kuwasha, kuzima, sauti na stesheni basi, na vitufe vingine vyote havijawahi kuguswa. Mjomba akasema havitaguswa, maana televisheni ikiharibika hakuna wa kununua nyingine. Mbishi akaamriwa akalale.

Kesho yake jioni Bibi alibaki chumbani na redio yake iliyokuwa ikikoroma zaidi ya kusema. Mbishi hakwenda sebuleni. Aliketi sakafuni kando ya kitanda cha Bibi, akafungua kitabu. Mjomba alimwita akatazame mpira, mchezo alioupenda kupita yote.

"Asante, Mjomba. Niko na Bibi," alijibu kwa adabu.

Jioni zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Mjomba alipandisha sauti kidogo mpira ulipopamba moto, ili msichana asikie anachokikosa. Mbishi alisikia, roho ikamuuma, lakini hakubanduka. Kisha Mama naye akachukua kikapu chake cha nyuzi akahamia chumbani kwa Bibi, akisema tu kwamba kule kuna mwanga mzuri. Mjomba akabaki sebuleni peke yake na televisheni yake.

Alasiri moja, Mjomba akiwa kazini, Mbishi aliikuta rimoti mezani. Aliishika. Nyumba ilikuwa kimya, na angeweza kujaribu kila kitufe bila mtu kujua. Lakini alifikiri: akifanya kwa siri, Mjomba atapata sababu ya kusema kuwa mkaidi wa nyumba hii ni mwizi pia, na Bibi hatarudi tena sebuleni. Akairudisha mahali pake. Akazunguka tu nyuma ya televisheni, akachungulia bila kugusa. Pale chini, pembeni, aliona tundu dogo lenye alama ya hedifoni.

Mama alikuwa na hedifoni kubwa alizozivaa wakati wa kushona, asikie nyimbo zake badala ya mlio wa cherehani. Mjomba aliporudi, Mbishi alimweleza alichokiona, akamwomba ruhusa ya kujaribu mbele ya watu wote. Labda upweke ulikuwa umemlainisha. Alikubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe asimame hapo hapo.

Jumamosi asubuhi wote walikusanyika. Mbishi alichomeka waya, akamvisha Bibi hedifoni. Uso wa Bibi ulichangamka. Alikuwa akisikia kila neno. Lakini sebule ilikuwa kimya kabisa. Spika zilikuwa zimejizima.

"Umemfungulia Bibi, umetufungia sisi," alisema Mjomba, akanyoosha mkono kuchomoa waya.

Mbishi alimgeukia. "Hilo sikulijua, Mjomba. Nimekosea. Lakini sijamaliza. Naomba rimoti."

Mama alimtazama kaka yake, na Mjomba akaitoa. Kitufe cha mipangilio hakikubonyezeka ndani ya nailoni, hivyo Mbishi aliuchana mfuko huku Mjomba akiuma midomo. Maandishi yaliyotokea kwenye kioo yalikuwa ya lugha ya kigeni, Kiingereza cha shuleni. Mbishi alitafuta palipoandikwa lugha, akachagua Kiswahili. Sasa hata Bibi, aliyevaa miwani yake na kusogea mbele, aliweza kusoma. Mbishi akaingia mahali pasipohusika, picha ikageuka rangi ya kijani na Mjomba akaruka kutoka kitini. Akarudi nyuma, picha ikatengemaa. Akafungua sehemu ya sauti, akashuka mstari mmoja mmoja.

Bibi akagusa kioo kwa kidole. "Hapa. Soma hapa."

Palikuwa pameandikwa: spika na hedifoni pamoja. Mbishi akabonyeza. Sauti ikarudi sebuleni, ya chini, isiyoweza kuvuka ukuta, na Bibi akabaki na yake masikioni, akaipandisha alivyotaka kwa kitufe cha pembeni ya hedifoni.

Jioni ile taarifa ya habari ilitazamwa na watu wote. Mjomba alikohoa, akasema kuwa ubishi mwingine si mbaya. Mama aliweka sindano chini.

"Ungeichezea kwa siri, mwanangu, ningekuadhibu hata kama ungefaulu," alisema. "Lakini ulimbishia mkubwa mbele ya macho yake na kwa heshima, ulipokosea ukakiri, kisha ukaendelea kutafuta. Ubishi wa namna hiyo usiuache. Na sisi wakubwa tuone haya. Tulikuwa tayari kumtoa mtu sebuleni kabla ya kujifunza kutumia kitu tulichonacho."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, akafungua kinywa kuongeza neno. Bibi akainua mkono. Kwa hedifoni zile masikioni, hakujua sauti yake ilivyokuwa kubwa.

"Nyamazeni," alisema. "Mimi nasikiliza habari."

Wakanyamaza wote.