Gigabaiti Kumi na Tano

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, Profesa alifungua madirisha ya chumba cha kompyuta, akapangusa vumbi kwenye skrini, kisha akawasha mashine kubwa iliyohudumia madawati yote thelathini. Jina hilo la utani alipewa na wenzake wa darasa la saba, naye hakulichukia hata kidogo.

Asubuhi moja alikuwa na kazi ya ziada. Jana yake fundi, mama mmoja wa maneno machache, alikuwa amebadilisha vipande vya kumbukumbu vya mashine hiyo. Alimwachia Profesa karatasi yenye mstari wa kuandika mashine inapoanza kuwaka: gigabaiti sita kati ya kumi na sita zitengwe kwa data inayohamishika tu. Siku kipande kikiharibika, data hiyo itahamishiwa kwingine, nacho kitolewe bila kuzima mashine.

"Sita tu?" Profesa alijisemea. "Si zikiwa nyingi ndiyo bora?" Akaandika kumi na tano.

Mashine iliwaka vizuri. Mwalimu wa kompyuta alipouliza, "Umefuata karatasi?" alijibu bila kupepesa macho, "Ndiyo, mwalimu."

Saa nne, darasa likiwa katikati ya jaribio, skrini ziliganda moja baada ya nyingine.

"Mwalimu, yangu imekufa!"

"Na yangu!"

Msichana wa dawati la mbele aliangua kilio. Insha yake nzima ilikuwa imepotea.

Fundi aliitwa, akaja mbio. Mwalimu alimkabili palepale mlangoni. "Mama, umetuwekea vipande vibovu. Vitoe, na kazi yetu tutampa mwingine."

"Nilivipima kimoja kimoja, mwalimu," fundi alisema taratibu. Hata hivyo alipiga magoti, akachukua bisibisi, akaanza kufungua skrubu. Profesa aliitazama mikono ile. Angenyamaza, nani angejua?

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Niliandika kumi na tano. Nikakudanganya."

Fundi aliinua kichwa. "Kumi na tano! Basi kiini cha mfumo, ile programu inayoendesha mashine yote, umekiachia gigabaiti moja tu. Vitu vyake vingi havihamishiki, mwanangu, kwa hiyo haviruhusiwi kukaa kwenye eneo ulilotenga. Kimekosa pa kukaa, na huku nafasi tele iko tupu." Akamsogezea kibodi. "Haya, andika mwenyewe."

Profesa aliwasha mashine upya, akaandika sita, akaihakiki namba hiyo mara mbili. Skrini zikarudi, darasa likashangilia.

Mwalimu hakushangilia. Alimgeukia fundi. "Niwie radhi, mama. Nimekuvunjia heshima bure." Kisha akamwambia Profesa, "Namba imerekebishwa kwa dakika mbili. Uongo wako ndio uliokaribia kumnyima mama huyu kazi yake. Usipoelewa, uliza. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa kosa lako."

"Nimeelewa, mwalimu. Nisamehe, mama."

Wakati wa mapumziko Profesa hakutoka nje. Alikaa kwenye dawati la mbele akichapa insha, huku mwenye insha akimsomea kutoka kichwani, sentensi baada ya sentensi.