Visiki vya Fundi Kondo

Kila asubuhi Joha na rafiki yake Doto walivuka daraja la magogo katika kijiji chao kiitwacho Ulaya, viatu mkononi, wakitaniana nani atateleza. Lilijengwa na baba yake Joha, fundi seremala Kondo. Kila masika mto ulilibeba, naye akalijenga upya. Watu walimwita Fundi Daraja, na Joha alilipenda jina hilo kuliko hata baba mwenyewe alivyolipenda.

Mwaka huu injinia alileta michoro miwili: daraja la magogo na daraja la tao la mawe. Kijiji kichague. Mwalimu Lightness akawapa Joha, Doto na wenzao wa darasa la sita kazi.

"Msiniambie lipi linapendeza," alisema. "Ulizeni daraja limetoka wapi, litaishi miaka mingapi, na likifa litatuachia nini. Majibu mtayasoma mkutanoni Jumamosi."

Joha na Doto walitumwa kuhesabu visiki vya miti iliyokatwa kwa ajili ya daraja. Wakavipata ishirini. Palipokuwa na miti, sasa ukingo wa mto ulikuwa umemomonyoka. Joha akaingiwa na hofu. Watu wakisikia, si watamwona baba mharibifu? Na kazi yake je?

"Andika vinane," alinong'ona.

"We Joha! Kwani visiki vina miguu, vimekimbia?"

"Andika tu!"

Doto akaandika huku amenuna.

Jumamosi Joha alisimama mbele ya mkutano. Baba yake alikaa mstari wa mbele, kofia mpya kichwani, anatabasamu kwa fahari. Loo, aibu ilimshika Joha! Akafunga daftari.

"Tumeandika visiki vinane, lakini nimedanganya. Ni ishirini."

Fundi Kondo akainuka. "Mwenyekiti, naomba kusahihisha."

Joha alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Si ishirini. Ni ishirini na vitatu! Vingine vimejificha kwenye matete. Nimekata mwenyewe, nitasahau?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Kisha, kwa kuihurumia miti iliyobaki, watu wakachagua daraja la mawe, mikono juu.

"Lakini fundi, usiende mbali," injinia akasema. "Mawe ya tao hayasimami hewani. Yanataka kalibu ya mbao ya kuyashikilia mpaka saruji ikauke. Tukimaliza, mbao zile utatengenezea madawati ya shule. Nani ataiweza kazi hiyo?"

"Fundi Daraja!" watu wakapaza sauti. Joha alirukaruka kwa furaha.

Masika yaliyofuata mto ulivuma chini ya tao, na Joha na Doto wakavuka viatu miguuni. Baba alikuwa ukingoni akipanda miche, ishirini na mitatu kamili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unaona? Ungeshikilia vinane vyako, leo tungekuwa tunakata miti mingine, nawe ungekuwa nyumbani unangoja maji yapungue. Njia ya mwongo ni fupi. Ukitaka kujenga kitu kidumu, anza kwa kusema kweli, hata kama kweli yenyewe inamgusa baba yako."

"Na visiki havikukimbia," Doto akasema, wakaenda shule wakicheka.