Mteja Asiye na Picha

Jibu la kwanza ambalo Uwera hakuliandika lilikuwa la adabu kabisa. Mteja mmoja wa Kanama alikuwa ameuliza kama mafuta ya parachichi yanafaa kwa ngozi kavu, na Uwera, aliyekuwa akisonga ugali, hakuwa ameigusa simu. Alipoishika baadaye alikuta mteja ameshajibiwa: Yanafaa. Nionyeshe ngozi yako. Chini yake mteja alikuwa ametuma picha ya mkono wake, na chini ya picha hiyo duka la Uwera lilikuwa limejibu tena: Nzuri. Ina chumvi.

Alidhani ni mambo ya Alliance. Huyo alikuwa rafiki yake tangu shuleni, akiuza simu karibu na stendi ya mabasi ya Gisenyi, na ndiye aliyemtoa kwenye kazi ya beseni. Kabla ya hapo Uwera alikuwa akivuka kila asubuhi kwenye kivuko cha mpakani cha Petite Barrière kwenda Goma, beseni la sabuni na chupa za mafuta kichwani, akirudi jioni miguu imevimba. Alliance akamwambia aache kuwafuata wateja, awafanye wao waifuate simu. Wakafungua duka ndani ya ile programu ya ujumbe ya wafanyabiashara: jina, saa za kazi, picha za bidhaa zilizopigwa dirishani ambako mwanga wa ziwa ni mzuri, na salamu ya kumpokea kila mgeni hata kama mwenye duka amelala. Salamu hiyo Uwera aliitunga mwenyewe, na aliionea fahari: Karibu wewe uliyefika. Kwetu hafukuzwi mtu. Sema unachotaka, utakipata.

Duka likakua. Kila asubuhi aliweka picha mpya, na kabla ya mchana pikipiki zilikuwa zinangoja uani kupeleka mizigo hotelini, Kanama na Nyundo. Mizigo ya Goma ilipitishwa na akina mama aliokuwa akivuka nao zamani. Mumewe Juvénal, mpokea wageni katika hoteli moja ya ufukweni, alianza kutania kwamba siku hizi anakaa kwa mke wake kama mpangaji.

Alliance alipolisoma lile jibu la chumvi, hakucheka. Alisema salamu ya simu ni kama kasuku, hurudia ilichofundishwa tu, na hili halikufundishwa na mtu. Akarudi nyuma katika mazungumzo ya wateja, moja baada ya jingine, mpaka akakuta moja lisilo na namba wala jina, na mahali pa picha palikuwa peusi tii. Mgeni huyo alikuwa ameandika mara moja tu: Niko na njaa. Salamu ikamjibu yenyewe, yote, mpaka kwenye utakipata.

“Nani huyu?” Uwera aliuliza.

“Sijui. Mi nafuta,” Alliance akasema, na akafuta.

Harufu ilianza siku ile ile. Ilitoka katika jiko la nyuma, ambako Uwera alipika mafuta yake kwa parachichi, siagi ya ng'ombe na nta ya nyuki. Mwanzoni ilikuwa kama ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, waliosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki, lakini chini yake kulikuwa na kitu kitamutamu, kama pumzi ya mtu aliyelala na homa bila kusukutua kinywa. Uwera alisugua sakafu kwa dawa ya javeli. Juvénal alizibua mtaro, akatafuta panya aliyekufa darini, asipate kitu. Walianza kula mlangoni, sahani mapajani, kwa sababu ndani chakula kilikuwa kinashika ile ladha.

Kisha ikaja ndoo. Aliiacha jioni ikiwa na mafuta nusu, akaikuta asubuhi imejaa hadi ukingoni. Yaliyomo yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyolala, tena vuguvugu, ilhali jiko lilikuwa baridi. Juu yake palikuwa na utando. Haukuwa utando wa uji. Ulikuwa na vitundu vidogo vidogo na malaika laini kama ya mkono wa mtu, na Uwera alipougusa kwa kijiko, ulisisimka. Malaika yakasimama yote kama ya mtu aliyeguswa shingoni na mkono wa baridi. Aliimwaga ndoo nyuma ya choo, akatapika papo hapo juu ya alichomwaga. Kesho yake ilikuwa imejaa tena.

Angeimwaga tena, lakini simu ilikuwa imeshauza. Duka lilikuwa limewatumia wateja wote picha ya ndoo ile, imepigwa kutoka karibu mno, na maneno mafupi: Mapya. Yako vuguvugu. Maombi yalikuwa yamefurika. Connie, mwenye saluni ya kule sokoni, alikuwa ameagiza ya wanawake wote anaowasuka. Pikipiki zilikuwa uani, madereva wanapiga honi. Uwera alisimama kati ya ndoo na mlango, akifikiria beseni, na ile barabara ya mpakani, na vile watu walivyokuwa wakimwita we mama wa sabuni, na sasa walivyomwita madamu. Akauengua utando kwa mwiko, akautupa. Akatia mafuta ya mchaichai mpaka macho yakamtoka machozi. Akajaza chupa. Hakuna aliyemlazimisha.

Sifa zikaja. Wateja walituma picha za mashavu yanayong'aa kana kwamba yamelowa. Connie alisema amerudishiwa uso wa usichana wake, ila tu nzi wanampenda sana siku hizi. Verediane, katekista wa Nyundo, mama mzee ambaye Uwera alimheshimu kama mzazi, alituma sauti akisema mikunjo ya shingo imemtoka, na Mungu ambariki mwenye mikono hiyo. Wote walitaka yale yale. Uwera alipojaribu kuwapelekea mafuta yake ya zamani, waliyarudisha.

Ndipo akasikia sauti ambayo kwayo duka lilikuwa linawajibu. Ilikuwa sauti yake, pamoja na kicheko chake cha puani. Lakini kati ya neno na neno mtu alikuwa anatafuna kitu laini, anameza, ananyonya meno, kisha anaendelea kwa upole: “Paka na shingo, mama. Paka kila siku. Kama mutoto iko, paka na mutoto.” Uwera alizima simu, akaosha sikio kwa sabuni. Aliendelea kuhisi unyevu humo ndani.

Binti yao, Umutoni, alikuwa bado hajaanza shule. Alianza kutokwa na mabaka mgongoni na nyuma ya miguu, mekundu, mabichi, kama kiazi kilichomenywa. Muuguzi alisema huenda ni mafuta anayopakwa nyumbani. Lakini Uwera hakuwahi kumpaka mtoto wake mafuta yale. Ya ndoo ile hakuwahi kujipaka hata yeye mwenyewe, na alipolitambua hilo, pale kwenye benchi la zahanati, aliona aibu hata ya kumtazama muuguzi usoni. Njiani kurudi mtoto alimshika sketi.

“Mama, umuambie aache. Ulimi yake inakwaruza.”

“Nani huyo?”

“We,” mtoto akasema. “We wa jikoni.”

Mchana uliofuata mvua ilikuwa inashuka juu ya ziwa na mtoto alikuwa amelala chumbani. Uwera alikuwa sebuleni akifunga chupa, akisikia maji ya paa yakidondoka kwenye pipa, mpaka akatambua kwamba kulikuwa na mdondoko mwingine ndani ya ule wa mvua, mzito zaidi, wenye mpangilio, kama paka anayekunywa maziwa ila paka mkubwa kuliko paka yeyote, na sauti hiyo ilitoka nyuma ya pazia la chumba. Akaenda akiwa amebana pumzi kwa sababu harufu ilikuwa imekuwa nene kiasi cha kumkaa ulimini, akafunua pazia kidogo, na akamwona mwanamke aliyevaa kitenge chake, yeye Uwera, kile alichokuwa amekivaa wakati huo huo, ameinama juu ya kitanda akiwa amempa mgongo, viwiko vimepindia mbele badala ya nyuma, na ulimi wa kijivu wenye vinundu kama utumbo wa ng'ombe ambao haujasafishwa ukipita juu ya mgongo wa mtoto polepole, kwa uangalifu, kama mtu anavyofuta sufuria ya mchuzi asibakize kitu, kisha akigeuka kuchuruzisha alichokusanya ndani ya ndoo aliyoibana kwa magoti, akirudi tena kulamba, na simu iko juu ya mto inawaka kila mara oda mpya inapoingia, na kila inapowaka, ulimi unaongeza kasi.

Uwera aliruka, akamnyakua mtoto na shuka lake. Yule akageuka. Uso ulikuwa wa Uwera, lakini hauna kitundu cha jasho hata kimoja, umelainika kama sabuni iliyotumika, unang'aa kama mashavu ya wateja.

“Kwetu hafukuzwi mtu,” ukasema, mate yakining'inia.

Alikimbia na mvua ile mpaka kwa Alliance, na Alliance akampeleka kwa mjomba wake. Maalim Niyonshuti alikuwa fundi cherehani aliyekulia Kigoma, na mchana alifundisha watoto Kurani nyuma ya msikiti. Alisikiliza yote. Mtoto akabaki kwa Alliance. Juvénal akaitwa kutoka kazini, akaja na sare yake ya hoteli, rozari imezungushwa ngumini. Maalim alifika mlangoni, akaziba pua kwa mkono wa kanzu, ndipo akavuka kizingiti.

“Huyu hakuvunja mlango, mama,” alisema. “Ameingia kwa karibu ya mwenye nyumba, na kila ulipomuuzia, umemkaribisha tena. Mimi nitasoma. Lakini neno la kumtoa ni lako, na kazi ya mikono ni yako.”

Uwera aliifuta salamu, kisha akaandika mahali pake kwa kidole chake mwenyewe: Sikukaribishi tena. Toka kwangu. Sauti ikarudi papo hapo, ikitafuna. Iliuliza, bila hasira, wateja je, wateja wanampenda. Alianza kulifunga duka lenyewe, na kila simu ilipomuuliza kama ana hakika, kidole kiliteleza, kwa maana kioo kilikuwa kimefunikwa na yale mafuta. Alikifuta kwa kitenge, akabonyeza, kikateleza, akafuta tena, mpaka likafungika.

Ilibaki ndoo. Maalim alimwaga chumvi ndani yake, akamwambia aikoroge kwa mikono mitupu, ile ile iliyojaza chupa, asiitoe mpaka mafuta yapoe. Akaanza kusoma Aya ya Kursi, na pembeni Juvénal akisali Salamu Maria kwa Kinyarwanda kwa sauti ya chini, na Uwera akazamisha mikono mpaka viwikoni katika kitu vuguvugu kilichomshika kama kinywa kinavyoshika chuchu, akasikia vikikunjuka ndani yake vipande vyembamba vya ngozi, vingine akavijua kwa mguso kuwa ni vya mgongo aliouogesha tangu siku ulipozaliwa, na kitu kisicho na meno kikamnyonya kidole kimoja kimoja, kikitafuta pete, kikitafuta kucha, na nyongo ikampanda ikamjaa kinywani, akaimeza kwa kuogopa kutema humo, akaendelea kukoroga, na Maalim akaendelea kusoma, mpaka nyuma ya ukuta kitu kikavutwa kupitia mtaroni kwa mlio mrefu wa kufyonza, kama mtu anayemaliza uboho wa mfupa. Mafuta yakapoa ghafla. Harufu ikakatika. Wote watatu walibaki wanavuta hewa kwa kinywa, hawaamini.

Ndoo ilizikwa jioni ile ile, mbali na ziwa, kwenye mawe meusi ya volkano. Kabla ya kuagana Maalim alimpa Uwera neno moja la mwisho: aende kwa kila aliyemuuzia, kwa miguu yake, amwambie kwa kinywa chake alichojipaka. Asitume ujumbe.

Akaenda. Connie alikimbilia bombani, akasugua uso kwa brashi ya sakafu mpaka damu ikatoka, huku akimwambia asirudi tena mtaa ule. Kule Goma mwanamke mmoja alimtemea mate miguuni. Maneno yalifika hotelini, na wenzake Juvénal wakaacha kula naye meza moja. Uwera aliyapokea yote. Mgongo wa mtoto ulikuwa unaota ngozi mpya, nyembamba, ya waridi, na hilo lilimtosha kila asubuhi kufunga viatu na kwenda kwa mwingine.

Wa mwisho alikuwa Verediane. Uwera alipanda Nyundo akamkuta nyumbani kwake chini ya kanisa kuu, amekaa wima kitini, kitambaa cheupe kichwani, shingo laini kama ya binti anayengoja posa. Aliona aibu kuliko kwa wote. Alipiga magoti, akaeleza kila kitu, ndoo, ulimi, mgongo wa mtoto, hakuficha.

Mama mzee alisikiliza mpaka mwisho. Hakuguna, wala hakufanya ishara ya msalaba. Kisha akainuka, akachungulia nje, akafunga mlango, akarudi kukaa karibu naye kuliko mwanzo.

“Bon. Nimesikia, binti yangu,” alisema kwa sauti ya chini. “Yote muliizika?”

“Yote, mama.”

Verediane alijipapasa shingo kwa vidole viwili.

“Na muliizika wapi?”